Mafungo ya Nyumbani: Mkeka, Pumzi na Mwili Uliochoka

Mama mmoja wa jumuiya yetu alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. Alikuwa ametoka sokoni. Huko muuza nyanya, kwa nia njema kabisa, alimwuliza mimba yake ina miezi mingapi. Mama huyu hakuwa na mimba. Mtoto wake wa nne alikuwa ameshaanza darasa la pili. "Sasa ninyi watu wa afya," akatuambia, "mnatufundisha kuchemsha maji, kutandika neti, kupeleka watoto kliniki. Na tumbo langu hili, ambalo hata nikioga silitazami, mnanifundisha nini?"

Tulimwambia tutamjibu. Makala ya mwezi huu ndiyo jibu lenyewe. Limechelewa kwa sababu tulitaka kwanza tulijaribu sisi wenyewe.

Miaka ya karibuni, hasa tangu ugonjwa wa Korona ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wanawake wa miji mingi duniani wamezoea kufanya nyumbani kwao kile wanachokiita mafungo ya yoga. Ni siku moja au nusu siku ya kunyoosha viungo, kupumua taratibu na kukaa kimya. Nia yao si kupunguza mwili. Wanataka kupatana nao na kutuliza moyo. Wenye fedha huenda kwenye hoteli za ufukweni kwa shughuli hiyo hiyo. Sisi tulijiuliza: je, mama wa parokia, mwenye mkeka mmoja na watoto wanne, anaweza kupata chochote humo?

Yoga ni kitu gani?

Neno hili limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na asili yake ni moja na neno la kufunga nira. Maana yake basi ni kuunganisha. Mafundisho yake yana umri wa zaidi ya miaka elfu mbili na yalikuzwa na Wahindu, Wabudha na Wajaini. Kwa karne nyingi jambo kubwa lilikuwa kukaa, kupumua na kutafakari. Kujikunja kama kamba hakukuwa na uzito huo.

Zile picha za watu waliosimama kwa vichwa, au waliopachika mguu nyuma ya shingo, zinawatisha wengi wetu. Lakini mikao mingi ya namna hiyo ilipangwa na kuenezwa katika miaka ya 1930 mjini Mysore, kusini mwa India. Huko mwalimu aitwaye Tirumalai Krishnamacharya alikuwa akifundisha wavulana katika jumba la mfalme. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Riga, anayejulikana kwa jina la Indra Devi, alipomwomba amfundishe, mwalimu alikataa kwanza: huyu ni mgeni, tena ni mwanamke. Mfalme alipomwombea, ndipo akakubaliwa, akaanza kufundishwa. Baadaye alifungua shule yake Hollywood, Marekani, na kwa sehemu kubwa ni yeye aliyewafungulia wanawake wa Magharibi mlango huo. Alifariki mwaka 2002 akiwa amepita miaka mia moja.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Ikiwa mazoezi yale yalipangiwa wavulana wepesi wa Mysore, kwa nini mama aliyezaa mara tano aone aibu asipoweza kuyafanya? Hatukufanya hata moja kati ya hayo, wala hatumshauri msomaji ayajaribu.

Tunajua wapo watakaouliza kama Mkatoliki anaruhusiwa. Swali hilo si la leo. Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma ilitoa barua kwa maaskofu juu ya tafakari ya Kikristo, nayo iligusa njia hizi za Mashariki. Barua hiyo haikusema kwamba kunyoosha mgongo ni dhambi. Ilikubali kwamba mkao wa mwili na pumzi vyaweza kumsaidia mtu anayesali. Ilichoonya ni hiki: mtu asichukue utulivu unaoletwa na mazoezi ya mwili akadhani ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo tunaliona la busara, tena lina faida hata kwa afya. Utulivu wa misuli ni kitu kizuri, uitwe hivyo hivyo, utulivu wa misuli. Mwenye wasiwasi zaidi aongee na paroko wake.

Rozari na pumzi

Hapa tuna habari ambayo tulipoipata tulifurahi kama watoto. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao katika jarida la madaktari la Uingereza liitwalo British Medical Journal. Waliwachukua watu 23 wenye afya, wakawapima pumzi na mapigo ya moyo huku wakisali Salamu Maria kwa Kilatini kwa kupokezana, kama ilivyo desturi. Kisha wakawapima tena wakirudia maneno ya yoga. Matokeo yalifanana. Katika hali zote mbili watu walishuka hadi kupumua karibu mara sita kwa dakika, na moyo na mishipa ya damu vikaenda kwa mwendo mmoja uliotulia zaidi.

Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa hiyo mara sita ni taratibu sana. Bibi zetu waliokuwa wakivuta rozari polepole jioni, mgongo umeegemea ukuta, walikuwa wakifanya mazoezi ya pumzi pasipo kuyaita hivyo. Ila tuseme ukweli: kilichofanya kazi pale ni mwendo wa polepole. Ukiisali mbio mbio kwa sababu usingizi umekushika na ugali uko jikoni, sala ni sala, lakini mapafu hayakupumzika.

Jumamosi yetu

Tulikuwa wanawake watano, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa mmoja wetu. Ijumaa jioni maharage yalichemshwa na ndoo zikajazwa maji. Simu zote zilitiwa kapuni, akakabidhiwa binti mkubwa. Baba mwenye nyumba alikuwa ameambiwa tangu Jumatano.

Pamoja na hayo yote, katika nusu saa ya kwanza mlango ulibishwa mara tatu: mtoto anatafuta soksi, jirani anaomba chumvi, na muuza dagaa anataka kujua kama leo hatununui. Kisha kuku akaingia, akapita katikati yetu kana kwamba na yeye amealikwa. Tulicheka mpaka pumzi zikapotea.

Lakini hilo ndilo gumu kuliko yote, wapenzi wasomaji, gumu kuliko mkao wowote. Anayekwenda hotelini ameiacha kazi yake nyumbani. Anayefanya mafungo nyumbani, kazi inamtazama: sufuria ile pale, nguo zile kwenye beseni. Na ukimkuta mama amelala chali saa nne asubuhi pasipo kuumwa, nani hatashangaa? Hata mwenyewe anajishangaa. Mmoja wetu alikiri kwamba kwa muda wote wa kwanza alikuwa akisikiliza nyayo za mama mkwe wake uani, akitunga moyoni jibu la kumpa. Kwa hiyo mafungo ya nyumbani yanataka ruhusa ya watu wa nyumba kuliko yanavyotaka mkeka. Akina baba mnaosoma ukurasa huu, hapo ndipo mnapohitajika: mchukueni mtoto mdogo, mwende naye popote hadi saa sita.

Tulianza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, viganja viwili juu ya tumbo, chini ya kitovu. Ukivuta pumzi kwa pua, tumbo linapanda na kuinua viganja. Ukitoa, linashuka. Hesabu nne ukivuta, sita ukitoa, bila kuibana pumzi hata kidogo. Hizo ni kama sekunde kumi, yaani mara sita kwa dakika. Hesabu ikikushinda, ipunguze. Sababu ya kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ni kwamba mtu anapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo. Kazi hiyo hufanywa na mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Kwa wengi wetu jambo hili jepesi lilikuwa zito. Tumezoea kulivuta tumbo ndani, kulibana kwa mkanda na kulificha chini ya kanga ya pili. Tumbo lililobanwa mchana kutwa halipanuki, na mama hubaki akipumua kwa kifua cha juu tu, mabega yamepanda, shingo inauma. Tulipoweka viganja, mama yule wa sokoni alianza kulia kimya kimya. Hatukumwuliza. Baadaye alisema kwamba hajaligusa tumbo lake kwa wema tangu mtoto wa mwisho azaliwe. Huligusa kulisugua tu akioga.

Baadaye tulipiga magoti na kuweka viganja chini kama mtu anayepiga deki, tukaupandisha mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha tukaushusha taratibu, pumzi ikifuatana na mgongo. Tukakalia visigino, magoti yamepanuliwa, paji la uso juu ya mto. Anayeumwa magoti aliketi kwenye kiti na kuinamia meza. Tukalala tena na kupandisha miguu ukutani kwa dakika kumi. Hii ndiyo waliyoipenda wote, hasa wale wanaosimama sokoni au darasani mchana kutwa na jioni miguu imevimba. Mwisho ni kulala tu, umejifunika kanga, hufanyi kitu. Wahindi wana jina la mkao huo, nalo kwa tafsiri ni mkao wa maiti. Jina hilo tuliliacha huko huko.

Katika kulala huko kuna zoezi la kuupitia mwili kwa fikra, kuanzia vidole vya miguu kwenda juu. Wapo walimu wanaowaambia wanawake wajisemee kwamba wao ni wazuri. Sisi tuliona aibu kusema hivyo, na huenda tusingejiamini. Tulifanya kwa njia nyingine: kwa kila kiungo kila mmoja alikumbuka kimoyomoyo kazi kiungo hicho kilichofanya. Nyayo zimekwenda kisimani. Mgongo umebeba watoto na kuni. Matiti yaliyolegea yamenyonyesha. Tumbo limekuwa nyumba ya watu wanne, ambao sasa wako nje wanagombania mpira. Hakuna aliyelazimishwa kusifu kitu.

Nani alitufundisha kujichukia?

Zamani katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki unene wa mama ulikuwa dalili ya kwamba ametunzwa. Huko Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule mara ilipofika, akarudi mwaka 1998 kuhoji wasichana wa rika lile lile. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye zaidi ya mmoja katika kila kumi walisema wanafanya hivyo. Hawa hawakuwa wamebadilika miili. Kilichobadilika ni kioo walichojitazamia.

Nasi leo kioo chetu ni simu. Matokeo yake yako madukani: mkorogo wa kujichubua, vidonge vya kupunguza tumbo, vingine vya kuongeza makalio, mara nyingi bila hata maandishi yanayoeleweka. Krimu zenye zebaki huharibu figo, na zebaki hiyo humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unapiga marufuku vipodozi vilivyotiwa zebaki, lakini mkorogo haukuulizi mkataba. Unauzwa gizani.

Je, yoga inatibu chuki hii? Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Jennifer Daubenmier, alitangaza kwamba wanawake wanaofanya yoga waliridhika na miili yao kuliko wale wanaofanya mazoezi ya kurukaruka kwa muziki. Tusikimbilie kushangilia: yawezekana walioridhika ndio waliochagua yoga tangu mwanzo. Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu habari ina nguvu zaidi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kwanza, kabla ya vidonge.

Sisi tunaona faida nyingine, ambayo kwetu ndiyo kubwa. Mwanamke anayeuonea aibu mwili wake huukwepesha. Haendi kupima uzito, hapimwi shinikizo la damu. Tena hapandi kile kitanda cha uchunguzi wa mlango wa kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wafikapo miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI miaka 25. Kipimo cha siki huchukua dakika chache tu. Tuliowauliza kwa nini hawajaenda, wachache walitaja nauli. Wengi walisema, "Nitajivuaje mbele ya nesi na mwili huu?" Kuukubali mwili hakuna maana ya kuacha kuupima. Unene ulioambatana na kisukari au presha unataka matibabu, na mama asiyejichukia huenda kutibiwa mapema.

Tahadhari

Mjamzito aliyepita nusu ya mimba asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Alale kwa ubavu. Aliyejifungua kwa upasuaji amwulize kwanza mkunga au daktari. Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho asiweke kichwa chini kuliko moyo. Baada ya kuzaa, misuli ya tumbo huweza kuachana katikati. Mwenye hali hiyo asifanye yale mazoezi ya kujiinua kutoka chali kwa nguvu, na anapoamka ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mkono. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakija, acha, na ya kifua yapeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kwa mwanamke aliyewahi kupigwa au kubakwa, kufumba macho na kukaa kimya kwaweza kurudisha yale yaliyopita. Huyo asilazimishwe. Afumbue macho, akae karibu na mlango, au aache kabisa, na apate mtu wa kumsikiliza aliye na ujuzi. Hali kadhalika huzuni iliyodumu wiki mbili na zaidi, usingizi umekwenda, chakula hakipiti, mtu anatamani kufa: hiyo ni hospitali, mara moja. Mkeka hauwezi kazi hiyo.

Mama wa sokoni hajapungua hata kilo moja. Wiki mbili baada ya Jumamosi ile alikwenda kituo cha afya kupimwa kwa siki, akiwa amefuatana na mmoja wetu, na majibu yake ni yake. Muuza nyanya bado ni yule yule. Tumekubaliana kukutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu, katika nyumba ile ile kwa sababu ukuta wake wa ndani ni mrefu na hauna dirisha, miguu kumi inaenea. Kuku atafungiwa bandani.